Tairi la Nyuma, Kushoto

8 Machi

Mkwe wangu Fundi Cherehani,

Pokea salamu zangu, na barua hii uisome ukiwa peke yako. Nimeituma dukani kwako kwa makusudi, isipite gereji. Kama mke wako yuko karibu, ikunje uiweke chini ya vitambaa.

Nimepimwa. Kile nilichokuwa nakiita gesi si gesi. Madaktari wa hapa walinipeleka kwa wenzao wa mji mkubwa, na wale wameniambia ukweli bila kuumung'unya. Nakwenda huko kwa matibabu mara mbili kila wiki, barabara mbovu, tunatoka asubuhi tunarudi jua limezama. Mzee ndiye dereva wangu. Sitakudanganya mwanangu, hawajaniahidi kitu.

Ombi langu ni hili: binti yangu asijue. Mimba mbili zimeharibika, na ya pili nilikuwa nimemshika mkono mimi mwenyewe. Hii ya tatu daktari kamwambia asiiname, asinyanyue, asisafiri, asishtuke. Unamjua alivyo. Akisikia mama yake yuko hivi, kesho yake yumo ndani ya basi, na likitokea la kutokea huko njiani, mimi nitakuwa nimekufa mara mbili. Ajifungue kwanza. Nitamwambia mwenyewe, na akitaka kunigombeza, anigombeze akiwa na mtoto mkononi.

Simu nazijibu mimi, na mimi naweza kucheka hata nikiwa na jino bovu. Mzee masikio yalikwishia kwenye nyundo za gereji, simu kwake ni kipande cha sabuni. Yeye huandika barua kama zamani. Nimemwapisha asiandike hata neno moja la ugonjwa wangu, na kila barua yake naisoma kabla bahasha haijafungwa. Amekasirika, lakini ameapa, na mzee huyu hajawahi kuvunja kiapo tangu nimjue.

Nakutegemea wewe.

Mama mkwe wako

*

2 Aprili

Mwanangu Spana,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla ya kufungua bahasha. Hatujambo. Mama yako anasema nikuandikie hivyo, kwamba hatujambo.

Nakuandikia juu ya gari. Siku tulipohama huko ulilifunga matairi manne mapya, ukalifanyia alaimenti mwenyewe, mimi na mama yako tumekaa viti vya mbele. Ndivyo nilivyokufundisha: gari halipimwi tupu, hupimwa wenyewe wakiwa ndani, kila mmoja mahali pake. Wateja walitucheka tulivyokaa kimya kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Magurudumu yalinyooka. Nililiendesha njia nzima kwa vidole viwili.

Sasa tairi la nyuma, kushoto, linaliwa. Linaliwa ukingo wa ndani peke yake. Ukingo wa nje bado una meno yote. Mwenzake wa kulia ni mzima, na ya mbele yote mawili ni mazima. Nimelitazama sana. Nataka na wewe ulitazame kutoka huko uliko, kwa macho niliyokupa, kisha uniambie unasoma nini.

Usiharakishe kujibu. Kaa nalo kwanza.

Baba yako

Mwanangu, baba yako siku hizi analizunguka hilo tairi kuliko alivyonizunguka mimi siku za uchumba. Mjibu upesi tupate kupumua. Kula vizuri. Mama.

*

14 Aprili

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Barua nimeisoma, na sitaficha, imeniuma. Magari yanayopita mikononi mwangu siyajui idadi, watu wanatoka mitaa ya mbali kwa sababu wamesikia binti wa fulani hupima vizuri kama baba yake. Halafu gari moja linaloharibika liwe la baba mwenyewe. Ningekuwa naweza kuinama ningeenda kujificha shimoni chini ya magari.

Siku hizi siinami. Nimewekewa kiti mlangoni mwa gereji, mafundi wawili wanafanya kazi na mimi natoa amri kama askari wa zamu. Mume wangu kanishonea mto wa kuegemea, mnene mno, nikikaa naonekana kama mfalme aliyenyang'anywa nchi. Tumbo linakwenda vizuri. Mtoto anacheza.

Tuje kwenye tairi. Naomba uniangalizie haya. Upepo uko sawa pande zote mbili? Bushi za nyuma zina mchezo? Springi ya kushoto haijavunjika au kulegea? Umewahi kuingia shimo kubwa, rimu ikapinda? Halafu pitisha kiganja juu ya tairi, kwenda na kurudi. Kama upande mmoja linakwaruza na upande wa pili ni laini, basi gurudumu linavutwa, halitazami mbele sawasawa, na hapo kosa ni langu. Kama ni laini kote kuwili, basi gurudumu limelala kwa ndani, na tutafute kinacholilaza.

Mama, mbona kwenye simu sauti imekauka? Umesema ni vumbi la huko. Kunywa maji.

Spana

*

25 Aprili

Mwanangu Spana,

Nimefanya yote uliyoniagiza, ingawa mwalimu aliyekufundisha kuyauliza ni mimi. Upepo uko sawa. Bushi nimezitikisa kwa mtaimbo, hazina mchezo hata kidogo. Springi ni nzima. Rimu nimeizungusha juu ya jeki, haijapinda. Nimepitisha kiganja kwenda na kurudi, ni laini kote kuwili. Kwa hiyo limelala.

Kisha nikaliweka gari mahali tambarare, nikapima kutoka bodi hadi chini, kushoto na kulia. Likiwa tupu, pande zote ni sawa kabisa. Isome tena sentensi hiyo, Spana. Likiwa tupu.

Jambo jingine. Kwenye simu mmeambiwa kwamba gari letu linakwenda sokoni na kurudi. Ukingo wa ndani wa tairi hili umebaki laini kama kisigino, na matairi ulifunga wewe juzi tu. Hakuna tairi linalochakaa kwa kuegeshwa.

Sikusema umekosea. Rudia barua zangu zote mbili, hutaikuta sentensi hiyo. Nimesema soma.

Baba yako

Amenisomesha barua hii mara mbili nikidhani kuna kitu, kumbe ni bushi na springi tu. Nyinyi wawili mna kichaa chenu. Nakuombea, mwanangu. Mama.

*

6 Mei

Baba, shikamoo.

Unasema hukusema nimekosea. Nakujua, baba. Nilipokuwa mdogo nikiharibu nati hukunikemea. Ulikuwa unanisogeza pembeni kwa kiwiko, unairudia kazi mwenyewe, kimya, na kimya hicho kilinichoma kuliko kofi. Barua hizi mbili zina kimya kilekile. "Soma tena, soma tena." Nimesoma.

Nimemwita fundi wa mashine aje akague mashine yangu ya alaimenti. Amekuta mkono wa kushoto wa nyuma umepotea kipimo. Ni kiasi kidogo mno, yeye mwenyewe amesema hakitoshi kula tairi, lakini kushoto nyuma ni kushoto nyuma, sihitaji kuelezwa mara mbili. Nimefunika mashine kwa turubai. Wateja wa alaimenti nawaelekeza kwingine mpaka niwe na hakika na kazi yangu. Wanashangaa. Na mimi nashangaa.

Nimempa dereva wa lori la saruji matairi mawili mapya akuletee. Yafunge nyuma yote mawili. Nisamehe, baba. Umeniachia jina lako mlangoni nami nimelichafua kwenye gari lako mwenyewe.

Spana

*

9 Mei

Mama mkwe, shikamoo.

Naandika kwa siri, kama ulivyonifundisha. Mke wangu amefunga mashine yake na anashinda mlangoni. Chakula nambembeleza. Anaamini amemharibia baba yake gari. Jana nimemkuta ameshika tairi bovu la mteja, analipapasa ukingo na machozi yanamtoka.

Mama, mimi sijui magari, naijua nguo. Lakini nahisi baba anamwambia kitu na yeye anasikia kingine. Niruhusu nimwambie. Mshtuko huu wa uongo nao ni mshtuko.

Mkweo, Fundi Cherehani

(Nyuma ya karatasi hiyohiyo, iliyorudishwa na dereva wa lori, kwa mwandiko unaopanda na kushuka:)

Hapana, mwanangu. Kulia kwa ajili ya tairi hakuui. Bado kidogo tu. Nakusihi.

*

27 Mei

Mwanangu Spana,

Matairi yamefika. Asante, ila sikuomba matairi. Nimeyafunga kwa sababu umeyatuma, na lile la kushoto limeshaanza kuliwa, ukingo uleule wa ndani. Tairi jipya, mlo uleule. Kwa hiyo toa hilo turubai, uwapimie watu magari yao. Mashine yako haina kosa, na mikono yako haina kosa. Nimeandika sasa kwa maneno yasiyo na kona.

Siku ya kwanza nilikufundisha nini, kabla hujashika hata spana? Kwamba mteja husahau, mteja huona haya, mteja huficha, ila tairi haliwezi kuficha. Litakuambia gari limekwenda wapi, mara ngapi, na limebeba nini, upande gani. Leo mimi ni mteja wako. Acha kujifikiria wewe, mfikirie mteja.

Habari nyingine hapa hakuna. Kiti cha mbele cha kushoto nimekitoa kwenye gari. Kiko barazani, paka wa jirani amekifanya kitanda chake na hataki kufukuzwa.

Mama yako leo hakuongeza neno. Amesema anakusalimu.

Baba yako

*

5 Juni

Mama, shikamoo.

Barua hii ni yako, si ya baba. Nimepiga simu tangu jana, inaita tu. Najua baba haisikii, na sasa najua kwa nini wewe huipokei.

Habari ya paka ilinichekesha. Nilimsomea mume wangu, naye hakucheka. Alishona kitambaa upande usio wake. Ndipo nikajiuliza, kile kiti ni cha nani? Ni chako. Wewe huwezi kukaa nyuma, unasema nyuma ni pa mizigo na mawifi. Mbona baba akitoe, na wewe ukae wapi?

Nikazitoa barua zote tatu nikazisoma kama nasoma tairi la mtu nisiyemjua. Gari likiwa tupu limenyooka. Basi likibeba, linalala, nyuma kushoto. Limebeba hivyo mara nyingi, kwa sababu ukingo wote umekwisha. Limekwenda mbali, mbali kuliko soko lolote. Na mtu anayekaa hahitaji kiti kitolewe. Anayelala ndiye anayehitaji.

Nilimwambia mume wangu, mama anapelekwa wapi akiwa amelala? Akaweka mkasi chini akalia, mama, mtu mzima. Ameniambia yote uliyomwandikia kwa siri. Kitanda cha mbao alichokitengeneza baba kutoka dashibodi hadi mlango wa nyuma, mtungi wa hewa ya kupumulia uliofungwa kwa mkanda, na jirani muuguzi anayekaa kando yako, wote upande mmoja. Nami nilikuwa nimekaa juu ya mto nikilia kwa sababu ya mashine. Baba aliniandikia tena na tena, na kila mara nilisikia jina langu badala ya lako.

Nilifungasha begi. Daktari amesema nikipanda basi mwezi huu, hawezi kusema mtoto atazaliwa wapi wala atazaliwaje. Nilitaka kwenda tu. Kisha nikafikiri kwamba umenyamaza miezi yote hii, umecheka kwenye simu huku unaumia, kwa ajili ya huyu aliye tumboni. Nikafungua begi. Sijawahi kufanya kitu kigumu kama kuzirudisha zile nguo kabatini.

Nimekukasirikia sana, mama. Na nakupenda, na sijui hasira inaishia wapi na mapenzi yanaanzia wapi. Ulinishika mkono mara ile ya pili. Nilitaka na mimi nikushike wako.

Baba atakusomea. Atasoma kwa sauti ya mnadani, mvumilie. Nakuomba kitu kimoja tu. Nitumie neno. Lolote, hata la kunigombeza. Lisiwe lile la kwenye simu. Liwe lako lenyewe.

Mwanao, Spana

*

14 Juni

Mwanangu,

Mama yako ametutoka Jumamosi asubuhi. Tumemzika jana. Mumeo nimemwomba akupe barua hii ukiwa umekaa, naye awe amekaa karibu yako.

Barua yako ilifika Alhamisi, akiwa wodini. Nilimsomea. Nadhani ni kweli nilipaza sauti, kwa sababu wagonjwa wote waligeuka, na muuguzi alikuja kuninyamazisha, akasimama pale, akasikiliza naye mpaka mwisho. Nilipofika kwenye kiti na paka, mama yako alinitazama kwa lile jicho unalolijua. Nikamwambia, "Sikuvunja kiapo. Niliandika tairi tu." Alitabasamu. Ulikuwa muda mrefu sijaliona tabasamu lile. Alipapasa kitanda, nikaelewa anataka mkono, nikampa.

Aliniashiria nirudie barua. Nikairudia yote. Muuguzi alikuwa ameitwa kwingine, na wa kitanda cha pili alikuwa amelala.

Ndipo akasema neno lako. Halikuwa "ndiyo," halikuwa "maji," hayo nayajua kwa kuangalia midomo. Lilikuwa refu. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu. Niliinamisha sikio mpaka likamgusa, nikamwomba arudie, akarudia. Alijitahidi sana, Spana. Na mimi sikusikia.

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyesikia. Alikuwa amechoka, sikuweza kumwomba mara ya tatu. Alinitazama akahakikisha nimelishika, kisha akafumba macho, ameridhika. Tangu hapo hakusema tena. Nimemuuliza muuguzi, nimemuuliza yule wa kitanda cha pili, nimewauliza waliolala mbali. Hakuna aliyesikia. Ulimwomba neno na akakupa, likaishia kwenye sikio langu bovu. Najaribu kuikumbuka midomo yake ilivyokwenda. Naifuata kwa yangu mbele ya kioo, lakini maneno mengi yana umbo lilelile.

Amekufa akidhani umelipata. Sijui kama hilo ni la kunifariji au la kuniadhibu.

Usije. Kaa kwenye mto wako. Alitaka uzae salama, na hilo nalijua bila kulisikia.

Nisamehe, mwanangu.

Baba yako

*

9 Julai

Baba, shikamoo.

Barua yako nilipewa nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza. Sikuweza kujibu. Nimeanza karatasi nyingi nikazichana, mume wangu anaokota vipande.

Unaniomba radhi. Baba, wewe masikio yako yalikwisha kwa kazi iliyonilisha na kunivisha. Yangu ni mazima. Uliniandikia mara tatu, kwa wino, na sikusikia. Kama ningesikia barua ya kwanza, ningeandika mapema, naye angenijibu mwenyewe kwa mkono wake. Kwa hiyo nami nikuombe radhi, kisha wewe tena uniombe mimi, na hatutafika mwisho. Tuache. Alilisema, nawe ulikuwa umemshika mkono. Nitajaribu kuishi na hilo. Leo siwezi, ila nitajaribu.

Usiku nikikosa usingizi namtungia neno lile. Kuna siku linakuwa la kunigombeza, nami nalia nikicheka. Kuna siku sipati kitu, nasikia pumzi tu. Naona nitakuwa nalitunga mpaka nizeeke.

Nimejifungua juzi. Ni msichana, mzima, na mimi nina nguvu ya kushika kalamu. Uso bado hauna mtu, ni makunyanzi tu, usiulize kafanana na nani. Sijampa jina. Nilitaka ulitamke wewe kwanza.

Uza vitu vya huko au uviache, uje ukae nasi. Ana sauti, baba. Wakunga walitoka vyumba vingine kuja kumtazama, jirani amehamisha kitanda chake kutoka ukuta wetu, mume wangu anashona akiwa na pamba masikioni. Akianza kulia nakukumbuka wewe. Njoo umbebe begani, karibu na sikio la kulia, lile lenye afadhali. Huyu nadhani utamsikia.

Mwanao, Spana